Debe la Unga Unaochemka: Njia ya Kuvika Vyuma Rangi Ngumu

Mvua ni rafiki wa mkulima, lakini si rafiki wa chuma. Katika vilima vya Gusii mvua hunyesha karibu kila mwezi, na kwa mwaka hupita milimita 1,500. Chai na migomba hufurahi. Bawaba za lango, komeo za zizi, ndoano za kuning'inizia ndoo, bolti za mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, hivyo vyote huliwa na kutu. Siku moja bawaba hukatika, lango huanguka, na ng'ombe wa maziwa huingia katika mahindi ya jirani. Hapo mkulima hujua kwamba kutu si jambo dogo.

Wengi wetu hupaka vyuma rangi ya maji kwa brashi. Si vibaya, lakini rangi hiyo ni nyembamba, haiingii vizuri pembeni, na baada ya misimu michache hubanduka. Iko njia nyingine ambayo viwanda vimeitumia kwa miaka mingi. Chuma kilichotiwa moto huchovywa katika rangi iliyo unga mkavu. Unga huyeyuka juu ya chuma, hushikana nacho, na ukipoa huwa ganda gumu lililokizunguka chuma kila upande. Makala hii yaeleza jinsi njia hiyo ifanyavyo kazi, na jinsi kikundi cha wakulima pamoja na fundi wao, Ogembo au Nyansiongo, wanavyoweza kujitengenezea chombo chake. Yaeleza pia hatari zake, kwa maana hatari zipo, na asiyezijua asianze.

UNGA UNAWEZAJE KUWA KAMA MAJI?

Ukichovya bawaba ya moto katika debe la unga uliotulia, haitazama. Unga umeshindiliwa, nawe utalazimika kuusukuma chuma kwa nguvu. Mahali pamoja patapata unga mwingi, pengine hapatapata kitu. Ni lazima kwanza unga ufanywe uwe mwepesi kama maji, na kinachoufanya hivyo ni hewa.

Mkulima wa chai ana mfano wa jambo hili karibu na nyumbani kwake. Katika viwanda vinavyopokea majani yetu, kama kile cha Ogembo na kile cha Nyansiongo, chai hutengenezwa kwa njia ya CTC. Majani hunyaushwa, hukatwa vipande vidogo, kisha huachwa mpaka rangi yake igeuke kuwa ya shaba. Wakati huo bado yana maji kama asilimia 70 ya uzito wake. Hapo hupelekwa katika mashine ya kukausha, ambayo ndani yake mna bamba refu lenye matundu mengi madogo. Hewa ya moto husukumwa kutoka chini, ikapita katika matundu yote kwa usawa. Chai huinuliwa na hewa hiyo, ikawa inarukaruka na kububujika kama uji jikoni, na husogea yenyewe kuelekea mwisho wa mashine kama maji ya mfereji. Ikitoka huko imebakiwa na maji asilimia 3 hivi tu. Hakuna mtu aliyeisukuma kwa koleo. Hewa ndiyo iliyoibeba.

Hiyo ndiyo siri ya chombo chetu. Hewa ikipita katika unga polepole mno, hupenya katikati ya chembe na unga hubaki umelala. Ikipita kwa nguvu mno, unga hurushwa nje ya chombo. Lakini kati ya hayo mawili kuna kiasi ambacho hewa huinua kila chembe kidogo tu, chembe zikaachana, zikateleza. Hapo unga hujaa chomboni kama maji. Ukiinamisha chombo, uso wake hubaki sawasawa. Ukitia kidole, kinazama bila kusukumwa. Kitu kizito huzama, na kitu chepesi huelea.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1922 Mjerumani Fritz Winkler aliitumia kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mjerumani mwingine, Erwin Gemmer, aliitumia kuvika vyuma kwa unga wa plastiki, na njia hiyo ikaenea katika viwanda vya nchi nyingi. Sisi tutafanya kwa debe la rangi na kitambaa kile walichofanya wao kwa mitambo mikubwa.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Chombo hiki chafaa vitu vidogo, yaani kitu kinachoingia katika debe la lita 4 bila kugusa kando. Kusanya vifaa hivi:

1. Madebe mawili ya bati ya lita 4, safi na makavu, yenye upana wa sentimita 17 hivi. Usitumie chombo cha plastiki. Chuma cha moto kikikigusa kitayeyuka, na tena plastiki hukusanya umeme wa msuguano, ambao ni hatari palipo na unga.

2. Vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 12, kila kimoja cha mraba wa sentimita 27, kilichotobolewa katikati tundu la upana wa debe.

3. Kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa kwa kubana, kama turubai ya pamba au jinzi, mara mbili. Kifuliwe kwanza ili kitoke wanga, kisha kikaushwe kabisa.

4. Kipande cha wavu mgumu wa waya, cha kukizuia kitambaa kisibonyee.

5. Mpira wa tyubu kuukuu ya gari, wa kuziba hewa isitoke pembeni.

6. Bolti nane zenye nati na washa, na gundi ya silikoni.

7. Valvu ya tyubu ya gari, iliyotolewa sindano yake ya ndani.

8. Mrija wa plastiki unaoonekana ndani, wa urefu wa mita 2.

9. Waya wa shaba na nondo moja ya chuma ya kupigiliwa ardhini.

10. Kompresa kama ile ya fundi wa magurudumu, yenye kifaa cha kupunguzia nguvu ya hewa na chupa ya kunasa maji.

Hicho cha mwisho ndicho ghali, lakini karibu kila soko lina fundi mwenye nacho. Ni afadhali kukubaliana naye kuliko kununua.

KUJENGA CHOMBO

Debe la kwanza likatwe kwa mkasi wa bati, sentimita 8 kutoka chini. Sehemu hiyo ya chini ndiyo chumba cha hewa. Karibu na kitako chake, ubavuni, toboa tundu na ufunge valvu ya tyubu, ukizibe kando zake vizuri. Toboa tundu jingine dogo ubavuni, utie ncha ya mrija unaoonekana. Kisha jaza changarawe safi na kavu mpaka nusu ya chumba. Kazi ya changarawe ni kuivunja nguvu ya hewa inapoingia, isipige upande mmoja wa kitambaa.

Debe la pili litolewe kitako chote, libaki kama bomba fupi. Hili ndilo litakalokaa unga.

Gundisha chumba cha hewa katika kipande kimoja cha plaiwudi, na debe la juu katika kipande cha pili, kwa silikoni. Acha vikauke kwa siku nzima. Sasa panga kuanzia chini: chumba cha hewa na plaiwudi yake, mpira wa tyubu, wavu wa waya, kitambaa, mpira mwingine, kisha plaiwudi ya juu na debe lake. Vuta kitambaa kila upande mpaka kikaze kama ngozi ya ngoma. Pitisha bolti nane na ukaze kwa zamu, moja huku na nyingine upande wa pili wake, kama unavyokaza gurudumu la gari. Kitambaa kilicholegea kitavimba katikati, hewa itapita hapo tu, na kazi itaharibika.

Funga waya wa shaba kwenye debe la juu, uupitishe kwenye debe la chini, na mwisho wake uufunge kwenye nondo iliyopigiliwa katika udongo wenye unyevu. Waya huu waondoa umeme wa msuguano. Usiuache hata kama kazi ni ya dakika tano.

KIPIMO CHA MAJI

Wengi hukosea kwa kudhani kwamba chombo hiki chahitaji hewa ya nguvu. Sivyo. Kompresa ya magurudumu yaweza kufika nguvu ya kuinua maji mita 80. Chombo chetu chahitaji nguvu ya kuinua maji sentimita 10 hadi 20 tu, kama ile ya mtoto anayepuliza mrija katika bilauri. Tofauti ni kubwa mno. Ukifungua kompresa bila kuipunguza, utapasua debe au utaujaza unga hewani, na hayo yote ni hatari.

Kwa hiyo mrija ule wa plastiki uukunje kama herufi U, uufunge kwenye ubao uliosimama, na ndani yake utie maji mpaka nusu. Ncha moja imeingia katika chumba cha hewa, na ncha ya pili iko wazi. Hewa ikiingia chumbani, maji yatashuka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Tofauti ya vimo viwili ndiyo nguvu ya hewa yako. Maji yakirushwa nje ya mrija, funga kompresa mara moja.

Kwa debe la upana huu, hewa ya lita 14 hivi kwa dakika yatosha kwa unga wa kawaida. Huna haja ya kuipima hiyo. Fungua kidogo kidogo huku ukitazama unga na kipimo cha maji, navyo vitakuambia.

JARIBU KWA MCHANGA KWANZA

Kabla ya kutia rangi yenye gharama, tia mchanga laini wa mto, uliooshwa, ukakaushwa na kuchekechwa, kimo cha sentimita 5. Fungua hewa polepole. Ukiona mchanga wabubujika sawasawa kila mahali, chombo chako ni kizuri. Ukibubujika upande mmoja tu, kitambaa kimelegea au chombo hakikukaa wima. Ukisikia hewa ikilia pembeni, paka maji ya sabuni kwenye viungo, na mahali penye mapovu ndipo penye kuvuja.

Usijaribu kwa unga wa mahindi. Unga laini kama huo chembe zake hushikana, nayo hewa hujichimbia njia moja na kupita hapo peke yake, huku unga wote umelala. Tena unga wa mahindi ukitapakaa hewani waweza kushika moto.

Jambo hilo lahusu pia rangi. Mwaka 1973 mtaalamu aitwaye Derek Geldart aligawa unga wa kila namna katika mafungu manne, akaonyesha kwamba ulio laini mno na ulio mzito mno haububujiki vizuri. Rangi ya unga inayopulizwa kwa bunduki ya umeme aghalabu ni laini, chembe zake zikiwa na upana wa maikroni 30 hadi 50. Ile iliyotengenezwa kwa kuchovya ni nene zaidi, kati ya maikroni 50 na 200. Ukinunua, mwambie muuzaji wazi kwamba unataka ya kuchovya. Ukikosa, ile laini yaweza kutumika, lakini itabidi kuligongagonga debe kwa mpini wa mbao ili unga usishikane.

Kadhalika uliza aina yake. Rangi ya epoksi hushika chuma sana lakini jua huifanya itoe vumbi jeupe juu. Kwa lango na vitu vya nje, rangi ya poliesta ni bora. Soma karatasi ya maelezo ya rangi hiyo: joto lake, muda wake, na tahadhari zake.

KUTAYARISHA CHUMA

Rangi nzuri juu ya kutu ni kama suti juu ya mwili usiooga. Haitadumu. Kutu itaendelea kula chini ya ganda, na siku moja ganda zima litavuka.

Sugua chuma kwa brashi ya waya na msasa mpaka king'ae. Kioshe kwa maji ya moto yenye magadi ya kuoshea, ili mafuta yote yatoke. Suuza kwa maji safi, kikaushe hapo hapo karibu na joto, na tangu hapo usikiguse kwa mkono mtupu. Mafuta ya vidole yatosha kuzuia rangi isishike. Kifunge waya mwembamba wa kukishikia. Mahali pasipotakiwa rangi, kama uzi wa bolti au tundu la pini ya bawaba, pafunge kwa karatasi ya foili. Ganda la kuchovya huwa na unene wa robo ya milimita au zaidi, na pini haitaingia tena ikiwa tundu limevikwa.

KUTIA MOTO NA KUCHOVYA

Mahali pa moto na mahali pa unga pawe mbali, angalau hatua kumi, na upepo usitoke kwenye unga kuelekea motoni. Tanuri la umeme ni bora kwa sababu joto lake hupimika. Lakini tanuri likishatumika kwa rangi, lisipikiwe chakula tena milele. Asiye na umeme aweza kutumia tanuri la matofali lenye mkaa chini na bamba la chuma katikati, ili mwali usikifikie chuma. Kipimajoto cha tanuri ni lazima. Kukisia kwa macho hakufai.

Fuata utaratibu huu:

Kwanza, tia chuma katika tanuri lenye joto la nyuzi 200 hadi 230 za Selsiasi. Kitu chembamba chahitaji dakika 10, kinene chahitaji 20 au zaidi. Kinachotakiwa ni joto la chuma chenyewe, wala si joto la hewa inayokizunguka.

Pili, mwenzako afungue hewa. Unga, ambao kimo chake kikiwa umelala ni sentimita 11 hivi, yaani kama kilo moja na nusu, utainuka kama robo zaidi na kububujika taratibu.

Tatu, toa chuma kwa koleo refu, hakikisha hakina cheche wala jivu jekundu, na ukichovye chote. Kizungushe polepole huku ukihesabu mbili hadi tano. Bati jembamba hupoa upesi, kwa hiyo lichovywe haraka. Bolti nene hutunza joto, na ukiichelewesha itapata ganda nene kupita kiasi.

Nne, kitoe, kikung'ute kidogo juu ya debe, ukining'inize tena tanurini kisiguse kitu. Kwa rangi nyingi joto huwa nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20, lakini neno la mwisho ni lile lililoandikwa na mtengenezaji. Hapa ndipo rangi huiva. Rangi isiyoiva hung'aa vizuri siku hiyo, kisha hupasuka kama udongo wa kiangazi.

Tano, kiache kipoe chenyewe. Kikipoa, sugua mahali pasipoonekana kwa kitambaa chenye thina. Rangi ikitoka na kuchafua kitambaa sana, haikuiva.

HATARI TATU

Ya kwanza ni moto. Rangi ya unga ikiwa imelala haiwaki kwa urahisi. Ikitapakaa hewani, makumi machache ya gramu katika mita moja ya hewa kila upande, cheche moja yaweza kuilipua. Kwa hiyo fanyeni kazi nje, chini ya kibanda kisicho na kuta. Pasiwe na sigara, jiko, wala mtu anayechomelea vyuma karibu. Unga uliomwagika ufutwe kwa kitambaa chenye maji. Usiupulize kwa hewa ya kompresa kamwe.

Ya pili ni mapafu. Unga huu haufai kuvutwa. Vaa kinyago cha vumbi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Leso ya kufunga mdomoni haitoshi. Rangi nyingine za poliesta zina dawa ya kugandisha iitwayo TGIC, ambayo ni mbaya kwa mwili. Zipo zisizo nayo, basi ulizia hizo. Mikono ioshwe kwa maji baridi na sabuni, wala si kwa thina. Watoto na mama wajawazito wakae mbali.

Ya tatu ni kutia moto kitu kisichofaa. Kitu kilichofungwa pande zote, kama bomba lililozibwa, chaweza kupasuka kikipata joto. Chuma chenye rangi ya zamani chaweza kuwa na risasi, na moshi wake ni sumu. Shoka, kisu na panga hupata ukali wake kwa kutiwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukizitia tanurini tena waweza kuziharibu makali.

KIPI KIVIKWE, KIPI KISIVIKWE

Njia hii haifai kila kitu. Jembe halifai, kwa sababu udongo utakwangua ganda siku ya kwanza. Jembe lifutwe udongo na kupakwa mafuta kidogo kila jioni, yatosha. Kopo la maziwa na chombo chochote cha chakula visivikwe kabisa. Bati lenye zinki na chuma cha kusubu huficha hewa ndani, na hewa hiyo hutoka katika joto na kuacha matundu madogo katika rangi.

Vinavyofaa ni vile vinavyokaa mvuani bila kusuguliwa: bawaba, komeo, ndoano, pete za kufungia ng'ombe, mabano ya mifereji ya maji ya mvua, vishikio vya milango, miguu ya rafu, bolti kubwa upande wa kichwa. Hivi ni vidogo, ni vingi, na ndivyo vinavyotutia gharama ya kununua upya.

HESABU YA KIKUNDI

Kilo moja ya rangi, kwa unene wa robo ya milimita, hufunika karibu mita 3 za mraba. Bawaba moja ya kawaida hutumia gramu chache tu. Lakini debe lazima lijae kiasi chake hata kama unachovya bawaba moja, na rangi hii kwa kawaida huuzwa katika makasha ya kilo 20 au 25. Mkulima mmoja akinunua kasha, unga mwingi utamharibikia kwa unyevu. Wakulima ishirini wakinunua pamoja, kila mmoja atapata sehemu yake, na fundi atapata kazi ya siku nzima kwa tanuri lililowashwa mara moja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Unga unaobaki uchekechwe, utiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, uwekwe mahali pakavu na pa baridi. Chupa ya kunasa maji ya kompresa imwagwe kila asubuhi kabla ya kazi. Katika nchi yetu yenye ukungu hewa hubeba maji mengi, na maji kidogo tu hugeuza unga kuwa madonge.

MASWALI YANAYOWEZA KUULIZWA

Je, pampu ya baiskeli yafaa? Haifai, kwa sababu hewa yake hukatikakatika. Unga hutaka hewa isiyokoma.

Je, naweza kutumia debe kubwa kwa vitu virefu? Waweza, lakini debe likiwa na upana mara mbili, lahitaji hewa mara nne na unga mara nne. Anza na dogo, ujifunze.

Je, mlango mzima wa lango? Huo hauingii debeni. Mpeleke kwa mwenye bunduki ya umeme na tanuri kubwa, au upake kwa brashi baada ya kuusafisha vizuri.

Je, ganda likikwaruzwa? Sugua mahali hapo, upake rangi ya brashi siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wakulima wa skimu walikabidhiwa mashamba yao kuanzia miaka ya 1960 wakiwa na vifaa vichache, na wengi wamejenga nyumba, mazizi na mabirika kwa jasho lao. Chuma kilichonunuliwa kwa fedha ya chai au ya maziwa chastahili kutunzwa. Mkitaka kuanza, chagueni kwanza fundi mwangalifu kuliko fundi mwepesi, mkaombe ushauri katika chuo cha ufundi kilicho karibu nanyi. Tengenezeni debe, mlijaribu kwa mchanga, mvike bawaba moja kuukuu, muitundike mvuani msimu mzima. Mvua ikiisha, itazameni. Bawaba hiyo ndiyo itakayowaambia kama mnunue kasha la rangi au la.